Sura Kwanza

Papa Kamera hakuwahi kumwambia mtu atabasamu. Mtu alipoketi mbele yake, awe bibi harusi, padri au mkubwa wa serikali, alisema neno moja tu, "Tulia," kisha akangoja. Alingoja mpaka mwenye kupigwa picha achoke kujitengeneza. Mabega yakishuka na mdomo ukirudi mahali pake, hapo ndipo alipobonyeza. Mimi alinipiga nikiwa na miaka tisa, siku ya komunyo yangu ya kwanza, na nakumbuka nilivyoona aibu kungojwa hivyo, kama mtu anayepekuliwa mifuko. Picha ile bado ninayo. Ndiyo pekee ya utotoni ambayo nikiitazama najiona mimi mwenyewe, si gauni.

Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Mtaa mzima wa Muhumba ulimwita Papa Kamera, naye aliitika hilo haraka kuliko jina la ubatizo. Alipiga filamu za ndoa, ubatizo, sherehe za masomo na maziko, kwanza kwa kamera za kanda, baadaye kwa kamera za kadi. Nusu ya mtaa wetu ilipita mbele ya jicho lake, na wengine walipita mara tatu: wakibatizwa, wakioa, wakizikwa.

Alikuwa mrefu, ameinama kidogo kama watu warefu wanaoingia sana kwenye nyumba za wafupi. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, na katika mifuko hiyo kulikuwa na vitambaa viwili: kimoja cha pua, kimoja cha lensi, na ole wake mtu ambaye angevichanganya. Viatu vyake vilikuwa safi hata msimu wa mvua, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulielewa, maana udongo wetu wa Bukavu haumwachi mtu.

Kutembea naye ilikuwa adhabu. Mnakwenda mahali, mmechelewa, naye anasimama katikati ya njia kutazama ukuta. Ukuta mtupu. Anatazama mwanga ulioanguka juu yake, anatoa daftari, anaandika. Nimelisoma daftari hilo ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na mambo kama: ukuta wa masista, mwezi wa saba, saa kumi na dakika ishirini, mzuri kwa mtu mweusi sana. Au: chini kwenye maji, asubuhi, usijaribu, jua linapiga ziwa na watu wote wanakuwa vivuli. Jua letu linatoka ng'ambo, upande wa Rwanda, na jioni linajificha nyuma ya vilima vya Kabare mapema kuliko mtu anavyotaka. Yeye alijua dakika zake zote, kama mwuza duka anavyojua wadeni. Nilimcheka sana kwa daftari lile. Sasa naona mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Jambo alilokuwa mkali kwalo kuliko yote ni uongo wa picha. Kuna ndoa moja aliyoipiga Nyantende ambayo watu waliizungumzia miaka. Bwana na bibi wamesimama, pete zinatoka, na betri ya kamera ikazimika. Alipoweka nyingine, pete zilikuwa tayari kidoleni. Mjomba wa bibi harusi akaja na akili: misa ikiisha, warudie uani, wavue pete na kuvaa tena, nani atajua? Hata padri hakukataa. Papa Kamera akakataa. Alisema pete zilikwisha kuingia, ni yeye ambaye hakuona. Katika kanda aliyowapelekea aliacha giza mahali pale, muda uleule ambao jambo lenyewe lilichukua, kisha picha ikaendelea. Familia ilimnunia kweli. Lakini yule bibi harusi, ambaye sasa ni mama wa watoto wakubwa, aliniambia kwamba watoto wake wakifika kwenye giza lile humuuliza kulikuwa na nini, naye huwasimulia.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Huyo mtu wa ukweli alipaka nywele rangi nyeusi kila mwisho wa mwezi, na shingo ikabaki na madoa siku mbili. Nilipomtania kwamba anadanganya, alinijibu kwa heshima zote kwamba nywele si sura. Aliwahubiria watu utulivu, lakini kwenye foleni ya maji alikuwa wa kwanza kugomba. Tena macho yake yalipoanza kuharibika hakumwambia mteja hata mmoja. Daktari alimwambia ni presha ya macho, atie matone kila siku bila kukosa. Aliendelea kupiga ndoa huku pembe za dunia zikimfungia taratibu, akigeuza kichwa kizima kutafuta kile ambacho zamani alikiona bila kutazama.

Kanda hakutupa hata moja. Chumba chake cha nyuma kilijaa kanda mpaka kitanda kikahamia barazani, ndani ya mapazia. Sababu ilikuwa kilio, yaani matanga. Kwetu, mtu akifariki, picha yake inawekwa mbele, waombolezaji wanaingia, wanaitazama, ndipo wanaketi. Na ikiwa maiti haipo, kwa sababu mtu amezama ziwani au amefia mahali ambapo hapafikiki, picha inawekwa juu ya kiti, na kile kiti ndicho kinachosalimiwa. Sasa fikiria familia ambazo hazina picha. Zilikwenda kwake. Mtu anakuja amevaa kitambaa cha msiba, anasema marehemu alikuwa kwenye ndoa ya fulani, mwaka sijui gani, alivaa koti la kahawia. Papa Kamera anaingia chumbani, anatoka na kanda, anaipeleka mbele, anaisimamisha. "Ni huyu?" Ni huyo. Anaitoa ile sura, anaichapa, anawapa. Hakuna aliyerudi mikono mitupu, na hilo ndilo jambo ambalo alijivunia, ingawa alijifanya hajivuni.

Simu za kupigia picha alizichukia. Aliziita vioo vya kunyolea. Kwa hiyo nilishangaa siku alipoingia ofisini kwangu akiwa ameshika simu ya mpwa wake. Ofisi ni neno kubwa: ni chumba kimoja ninamotengeneza kompyuta za watu na kuandika programu za maduka ya dawa na shule. Akanionyesha filamu ya watoto wa komunyo wamepanga mstari. Mashati meupe yanang'aa, kila kifungo kinaonekana, na juu ya mashati kuna madoa meusi yasiyo na macho wala pua.

"Angalia, Enjeniera," akasema. "Hii telefone inapenda shati. Mutoto haimuone."

Akaweka daftari lake mezani. Alitaka programu ya simu ya kupigia filamu, filamu hasa, kama za sinema, kwa simu hizihizi za bei ndogo ambazo kila mtu anazo, lakini inayoanza na sura ya mtu mweusi na kuliacha shati lijitafutie. Hakusema kwa nini yeye, kwa nini sasa. Mimi nilijua, kwa sababu alikuwa amegonga kiti wakati wa kuingia. Alikuwa anatafuta mahali pa kuliweka jicho lake kabla halijazimika. Siku ile nilitaka kulia, nikauliza maswali ya ufundi badala yake.

Tulifanya kazi Jumamosi, miaka miwili. Yeye anasema, mimi naandika. Tuliiita Tulia. Alinifundisha kwamba mwanga unapimwa shavuni, si angani. Alinifundisha kwamba lensi ikihama kutoka mtu wa mbele kwenda wa nyuma, ihame polepole, kama mtu anayegeuka kwa sababu ameitwa. Kung'arisha ngozi alipiga marufuku. Nilimwambia kila programu nyingine inang'arisha, watu wanapenda. Akaniuliza kama watu hao watakapokufa tutaweka juu ya kiti sura ya nani.

Tuligombana kwa mambo mawili. La kwanza, alitaka Tulia isianze kurekodi mpaka simu itulie mkononi kwa sekunde tatu. Nilimwambia watu watachukia. Akasema asiyeweza kusimama sekunde tatu mbele ya mwenzake hana sababu ya kumpiga filamu. Nikaandika sekunde tatu.

La pili ni kufuta. Simu nyingi zikifuta kitu hukificha kwanza kwenye pipa, kikae huko siku kadhaa, mtu asije akajuta. Yeye hakutaka pipa. Alisema sura ni ya mwenyewe, na mwenyewe akisema aondolewe, aondolewe kweli. Kumwambia mtu umefuta wakati hujafuta ni uongo. Nilimkumbusha kwamba katika kanda zake zote hakuwahi kumfuta mtu. Akacheka, akasema kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba. Watu humwomba awaongeze. Basi nikaandika: kikifutwa, kimekwenda. Tuliliandika kwa wepesi kabisa, tukinywa chai.

Ili kuonyesha programu ilikuwa lazima tuwe na filamu, naye akaipiga mwenyewe kwa Tulia: robo saa ya watu wa kwetu. Akina mama wanaoanika sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kwaya ikifanya mazoezi, wazee wanaocheza dama kwa vizibo vya chupa, na chini ufukweni vijana wakipakua mbao kutoka mtumbwini. Vijana wawili walishika ubao mmoja. Wa mbele alikuwa kijana wa Nyantende mwenye kovu refu kwenye dole gumba, na sura yake haikuonekana, mgongo na mikono tu. Wa nyuma alikuwa Riziki, mtoto wa Maman Riziki anayetuuzia sambaza hapa Muhumba. Riziki aliweka ubao chini, akajifuta maji kwenye nyusi, akainua uso, akatazama lensi kama mtu anayetazama mlango wa kwao. Ilichukua kitambo kidogo tu. Papa Kamera aliniambia ndiyo sura bora aliyoipata maishani, na kwamba hakuhitaji kumwambia atulie.

Kisha mji ukageuka. Sitasimulia, aliyekuwapo anajua na asiyekuwapo amesikia. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, wenye bunduki wakawa wengine. Riziki alikuwa ameondoka siku chache kabla pamoja na vijana wenzake waliokwenda kupigana na hao waliokuwa wanakuja, kuelekea Miti, kaskazini mwa mji, na mama yake alipoulizwa yuko wapi alijibu yuko shambani kwa wajomba. Watu wakaanza kufuta picha kwenye simu zao. Njiani mtu angeweza kusimamishwa, simu ikafunguliwa, akaulizwa huyu ni nani, na huyu. Maman Riziki alifuta picha zote za mwanawe, na ile ya ukutani akaichoma jikoni. Hilo alikuja kulisema baadaye. Wakati huo sisi tuliona tu kwamba moshi wa kwake ulikuwa mwingi.

Na matone ya macho yakaisha mjini. Hapo Papa Kamera akasema tuizindue Tulia. Nilimwambia ngoja. Aliniuliza angoje nini. Akanikazia kwamba akingoja atazindua kitu asichokiona.

Tulipata sali moja, ukumbi wa harusi, bure, kwa sababu harusi hazikuwapo. Tulianza saa nane mchana ili watu warudi makwao jua lingalipo. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, jenereta ikawekwa nje. Walikuja watu kama arobaini, wengi wao kwa ajili yake, si kwa ajili ya programu. Alikuwa amepaka nywele. Alisema maneno machache: kwamba simu waliyonayo mfukoni inaweza kuwaona vizuri, kwamba hii haihitaji mtandao, atakayeipenda nitamrushia kwenye simu yake hapohapo. Kisha akaniambia nianzishe.

Walifurahi. Nataka hilo lijulikane. Waliona nyuso zao wenyewe kubwa kama mlango, kila mkunjo mahali pake, na kwa dakika chache sali ile ilisahau. Akina mama wa sambaza waliitana kwa majina. Halafu ukaja ufukwe, ukaja ubao, na Riziki akainua uso.

Maman Riziki alisimama. Hakupaza sauti.

"Papa," akasema, "minakuomba umutoshe mutoto yangu mu ile filme."

Jenereta ilisikika nje. Nilisimamisha picha, jambo la kijinga, kwa sababu Riziki akabaki pale ukutani, mkubwa, anatutazama. Papa Kamera hakumgeukia mama. Alitazama sura ile kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko filamu nzima, akihamisha kichwa kidogo kidogo ili kuipata yote katika kile kidogo alichobakiwa nacho. Kisha akasema, "Ni yako, maman," akaniomba simu.

Aliifuta mbele yetu sote. Ile simu ilikuwa karibu na pua yake. Alipomaliza, mtu mwingine akasimama, akaomba ndugu yake wa kwenye kwaya atolewe. Halafu mzee mmoja wa dama akasema hata yeye. Halafu akina mama wa sambaza, mmoja mmoja, wakiomba msamaha. Macho yake yakachoka akanipa mimi nikate, na nikakata. Ilipokwisha aliomba tuitazame tena, kwa sababu uzinduzi ni uzinduzi. Tukaona ziwa, sambaza juani, vizibo vya chupa vinavyosogea, mikono miwili inayoteremsha ubao. Hakuna mtu. Wachache walipiga makofi.

Sali ilipobaki tupu aliniuliza, "Na ile ya ku mashini yako?"

Nilikuwa na nakala ofisini. Nilikuwa nimeshaamua kuificha. Kuficha kitu ndani ya kompyuta ni kazi yangu, na yeye asingeweza kujua. Lakini alikwenda nami mpaka ofisini, akaketi, akangoja kama alivyonifanyia siku ya komunyo. Mabega yangu yakashuka. Nikafuta. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri, na nimechoka kujiuliza.

Tulia haikwenda popote. Wachache walioichukua waliiondoa. Tulikuwa tumetengeneza programu inayomtaka mtu asimame sekunde tatu, simu imeinuliwa, katika mji ambao hakuna aliyethubutu kusimama hata moja. Walioitumia ndani ya nyumba walisema inawafanya weusi. Simu mpya zilipokuja ikawa inajifunga yenyewe, na mimi sikuwa na moyo wa kuirekebisha. Papa Kamera aliniuliza habari zake kila wiki, nami nikamjibu kwamba inakwenda polepole. Huo ulikuwa uongo, na nadhani aliujua.

Ndipo nafika kwenye siku ninayotaka kuisema. Nilikwenda kumtembelea mchana, nikamkuta barazani kwake, uso ameuelekeza juani. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Hakukuwa na sababu tena ya kuzipaka. Alinitambua kwa mlio wa viatu. Alikuwa anaona mwanga na giza, basi, na aliniambia saa kwa kuhisi jua shavuni, akakosea kwa dakika chache tu. Tulikuwa hatujamaliza salamu Maman Riziki akaingia. Kichwani alikuwa na kitambaa cha msiba.

Habari ilikuwa imemfikia kupitia mtu aliyetoka upande wa Miti. Riziki alikuwa amekufa, tena si jana. Wenzake walikuwa wamemzika hukohuko na kuondoka, na hakuna ambaye angeweza kuonyesha mahali. Kilio kingeanza kesho yake. Alisimulia hayo yote kwa utaratibu, kama anayetoa maelekezo ya njia, kisha akasema alichokuja kusema.

"Papa, kiti iko. Picha haiko."

Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu, ila siku ile niliona. Papa Kamera aligeuza uso upande wa chumba chake. Mtu ambaye hakuna aliyerudi kwake mikono mitupu. Chumba cha nyuma kilikuwa palepale, kimejaa kanda, na Riziki hakuwa katika hata moja, kwa sababu alizaliwa katika miaka ya simu. Aliniomba nitafute katika Tulia. Nilitafuta nikijua. Nilitafuta tena, kwa aibu. Nikampa mama kitu pekee kilichobaki kutoka siku ile ya ufukweni: mikono miwili, imeloa, imeshika ncha ya ubao, inauteremsha.

Alishika simu kwa mikono yote. Aliitazama ikaisha, nikaianzisha tena, ikaisha.

"Sijue," akasema. "Hii mikono niliinawisha miaka yote, na sijue kama iko yake."

Mimi nilijua. Nilikata filamu ile mwenyewe. Riziki alishika ncha ya nyuma. Hii ilikuwa ya mbele.

"Papa, weye ulikuwa pale," mama akamwambia. "Uniambie."

Yeye akanigeukia mimi, macho yamepita juu ya bega langu. "Mikono iko namna gani, Enjeniera?"

Ningeweza kusema jambo lingine lolote. Nilisema kilichokuwapo: imeloa, ina unga wa mbao, na kwenye dole gumba kuna kovu refu.

"Kovu?" mama akasema. Akafikiri. "Labda alijikata kule ku kazi. Hakunielezaka kila kitu."

Papa Kamera alikuwa anakumbuka kila picha aliyopiga, nani alisimama wapi na jua lilikuwa wapi. Aliacha giza katika kanda ya watu kwa sababu hakuona pete. Nilimtazama usoni nikingoja aseme, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mimi ndiye niliyekuwa nikimngoja yeye.

"Iko yake, maman," akasema. "Ni mikono ya Riziki."

Mama akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Niliisimamisha picha mahali alipotaka, nikairusha kwenye simu yake.

Kesho yake nilimshika Papa Kamera mkono mpaka kwenye kilio. Bache, lile turubai la msiba, lilikuwa limefungwa uani, na ndani, mbele, kulikuwa na kiti chenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa simu imesimamishwa dhidi ya Biblia, mikono ile ikiwaka. Watu waliingia, wakainama mbele ya mikono, wakaenda kuketi. Mtu alikaa karibu kazi yake ikiwa kugusa kioo kila mara kisizimike. Tulipata nafasi kwenye benchi la nyuma.

Nilimwona kijana wa Nyantende akiingia. Sijui kwa nini sikufikiri kwamba angekuja. Walikuwa wamebeba mbao pamoja miaka. Alivua kofia, akaenda mbele, akainama, na akabaki ameinama. Alitazama simu. Alitazama mkono wake ulioshika kofia. Kisha akageuka akitafuta mtu wa kumwambia, na macho yake yakakutana na yangu, na nadhani aliona kwamba najua, kwa sababu alikuja moja kwa moja kwetu.

Nilimnong'oneza Papa Kamera ni nani. Akanyoosha mkono kama anayetaka kusalimiwa. Kijana akampa wake. Papa Kamera hakuuachia. Alipitisha kidole polepole kwenye dole gumba, akalikuta kovu, akalifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Mdomo wa kijana ulikuwa umeshaanza kufunguka.

"Tulia," Papa Kamera akamwambia.

Akangoja, ameushika mkono, mpaka mabega ya yule kijana yakashuka. Ndipo akamwachia. Kijana akaketi kando yetu, akatia mikono yote miwili mifukoni, na chai ilipopitishwa akasema hana kiu.